Trophy: mlinzi wa kifaru anayejua wakati wa kutulia

Nimeendesha gari la deraya miaka tisa, kwa hiyo kifaa chochote kinachodai kuzuia roketi nakikagua kwa macho ya mtu anayekaa ndani. Juzi kwenye maonyesho ya silaha nilisogelea kifaru kilichofungwa Trophy, mfumo wa kampuni ya Rafael ya Israeli wa kuziharibu roketi kabla hazijagonga, nikaenda moja kwa moja kwenye rada. Ni vibao bapa vinne vilivyobanwa kuzunguka tureti (sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga), vikitazama pande zote. Nilipitisha kiganja juu ya kimoja. Laini kabisa, hata huwezi kudhani ndicho jicho la kazi yote.

Wasiojua hufikiri chuma kinene kinatosha. Kichwa cha roketi ya RPG, ile inayorushwa kutoka begani, kikilipuka hugeuza koni ya shaba kuwa mchirizi mwembamba wenye kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, na mchirizi huo unatoboa chuma. Heri kukiharibu kikiwa bado hewani. Rada inaiona roketi, kompyuta inapiga hesabu, kirushio kinaitandika kwa vipande vya chuma, yote chini ya sekunde moja. Hesabu ikionyesha roketi itapita pembeni, mfumo hautoi hata risasi. Hapo ndipo waliponikosha. Drozd, mfumo wa Wasovieti wa kazi hiyohiyo wa miaka ya 1980, ililinda upande wa mbele tu, na mlipuko wake ulikuwa hatari kwa askari wa miguu waliokuwa karibu. Trophy yenyewe ilipata mtihani wake wa kwanza vitani Machi 2011, karibu na mpaka wa Gaza: roketi ilirushwa, Merkava, kifaru cha Israeli, ikabaki nzima, na waliokuwemo wakatoka salama.

Askari anayetembea ubavuni mwa kifaru bado ananinyima raha. Vipande vinarushwa kwa upana mdogo, nakubali, lakini roketi inalipuka karibu naye, na yeye hana deraya. Kikosi kisipofanya mazoezi pamoja na mfumo huu, kinamhatarisha mtu wake chenyewe.

Halafu kuna juu. Oktoba 2023 droni ndogo ilidondosha bomu juu ya Merkava, shambulio ambalo mfumo huu haukubuniwa kulikabili. Mishale ya chuma ya mizinga ya vifaru nayo haizuii.

Nyota nne kati ya tano. Ningeingia ndani na kufunga mlango bila kusita, ila kwanza ningeomba wafunge kizimba cha chuma juu ya tureti.