Core i3-12100F na Ryzen 5 5500: nimeishi nazo zote mbili

Meza yangu ina mashine mbili. Ya kushoto ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i3-12100F na ni ya mpwa wangu, ambaye huniachia akienda shule. Ya kulia ni yangu, ina AMD Ryzen 5 5500. Zote mbili zilitoka 2022, i3 mwezi Januari na Ryzen mwezi Aprili, na zote ni prosesa za mtu anayehesabu kwanza ndipo atoe pochi. Nimezifungua na kuzifunga, nimehamisha kadi na RAM huku na huku mpaka skrubu zimeanza kulegea. Kila anayeziona huuliza ipi kali. Jibu langu hutegemea kadi ya picha aliyonayo, na wengi hawapendi kujibiwa hivyo.

Kwenye karatasi Ryzen inashinda kabla mpira haujaanza. Ina viini 6 na nyuzi 12 (nyuzi ni kazi zinazoweza kwenda kwa wakati mmoja), i3 ina viini 4 na nyuzi 8. Kache yake ya L3, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni megabaiti 16, ya i3 ni 12. Lakini kiini kimoja cha i3 kinakishinda kiini kimoja cha Ryzen. Kasi zao za juu zimekaribiana mno, gigahezi 4.3 kwa 4.2, kwa hiyo ubora hautoki hapo. Kila mpigo wa saa unapopita, kiini cha i3 kinakuwa kimefanya kazi nyingi zaidi. Utauona kwenye mambo madogo madogo: kufungua programu, kushuka na jedwali refu, kurudi kwenye kivinjari chenye vichupo ishirini. i3 ni nyepesi. Tofauti ni ndogo, ila ukihama kiti jioni ile ile utaihisi.

Mimi nahariri video, na hapo hadithi inageuka. Wakati wa kukata na kupanga vipande mashine zote mbili zinatosha. Kasheshe ni mwisho, unapobonyeza kutoa faili kamili na prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Kazi iliyoichukua i3 dakika kumi, Ryzen iliimaliza kati ya saba na nane. Tena wakati Ryzen inahenya niliweza kuendelea kuandika barua pepe bila kipanya kukwama. I3 ikishajaa viini vyote vinne, bora uinuke ukanyooshe miguu. Anayetoa video moja kwa mwezi asijisumbue na jambo hili. Mimi natoa kila siku, na dakika mbili tatu mara siku za mwaka ni muda wa kweli.

Basi mbona sikusema Ryzen na kumaliza? Kwa sababu ya gemu, na kwa sababu ya kitu ambacho sanduku halikipigii debe.

Mpwa wangu anatumia Radeon RX 6500 XT yenye gigabaiti 4. Kadi hiyo inazungumza na prosesa kupitia njia 4 tu za PCIe, barabara ya data kati ya kadi na prosesa, wakati kadi nyingi kubwa hutumia 8 au 16. Ilitengenezwa kwa toleo la 4.0, ambalo kila njia yake hubeba mara mbili ya toleo la 3.0. i3-12100F inalo toleo hilo na zaidi, kwani njia zake 16 za kadi ni za toleo la 5.0. Ryzen 5 5500 inaishia 3.0, hata ukiiweka kwenye bodi mama ya kisasa kiasi gani. Nilipoihamishia kadi ile kwenye mashine yangu, gemu nyepesi zilikwenda vizuri. Alipofungua gemu nzito na kupandisha ubora wa picha, kumbukumbu ya kadi ikajaa, data ikaanza kupita kwenye ule mlango mwembamba, na picha ikawa inashtuka kila anapokata kona. Akarudi kwenye kiti chake bila kuambiwa. Kwa kadi ya njia 8 kama RX 6600 athari hupungua sana, kwa kadi ya njia 16 ni ya kusahaulika. Ajabu ni kwamba wanaonunua prosesa za daraja hili ndio hao hao wanaonunua kadi zenye njia chache.

Kadi hiyo hiyo haina saketi ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, kwa hiyo ukiwa nayo, kazi yote ya kutoa faili inairudia prosesa. Yaani kadi moja inakusukuma kwenye i3 ukicheza na kwenye Ryzen ukihariri. Nilicheka peke yangu nilipoligundua hilo.

Sasa aibu zangu. Tulipoiunganisha i3 mara ya kwanza, kadi ilikuwa bado haijafika, nikasema tuiwashe tu tuone. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. "Mjomba, tumeiua?" Nikachomoa RAM, nikairudisha, nikabadilisha waya wa kioo, jasho linanitoka. Kumbe ni ile F mwishoni mwa jina: haina kiini cha picha ndani. Ile i3-12100 isiyo na F inacho. Ryzen 5 5500 nayo haina, na yenyewe haina hata herufi ya kukuonya. Ukitaka Ryzen ya ukoo huo inayotoa picha bila kadi, tafuta 5600G.

Aibu ya pili ilitokea siku ya kubadilisha pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozajoto ili joto lipite. Prosesa ya Ryzen ina pini zake tumboni, 1,331, nyembamba kama sindano zilizokatwa. Nilivuta kipozajoto juu moja kwa moja kikiwa baridi, pesti imekauka kama gundi, na prosesa ikang'oka nacho kutoka kwenye soketi, wenzo ukiwa bado umefungwa. Pini mbili za pembeni zilikuwa zimelala. Nilizinyoosha kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, nikishusha pumzi kila baada ya pini. Ilipona. Tangu siku hiyo huiendesha mashine kwanza ipate joto, naizima, kisha nakizungusha kipozajoto kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Kwa Intel pini zimo ndani ya soketi na prosesa imebanwa kwa fremu ya chuma, kwa hiyo haing'oki hivyo. Ila ukizipinda pini za soketi umeharibu bodi. Kipozajoto chake hufungwa kwa vigingi vinne vya plastiki, na sikumbuki siku ambayo vyote vinne vilikubali kwa mara moja.

Kelele? Vipozajoto vyote viwili vilivyokuja sandukuni vinatosha, cha Ryzen kinalalamika zaidi.

Kuhusu thamani, msiangalie prosesa peke yake. Mimi nilikuwa tayari na bodi ya AM4, soketi ya Ryzen hii, na RAM ya aina ya DDR4, kwa hiyo Ryzen ilinigharimu prosesa tu na jioni moja. Jioni hiyo nusu iliishia kwenye BIOS, programu ya bodi inayoitambua prosesa, maana aliyeniuzia bodi aliapa imeshasasishwa na haikuwa hivyo. Ilibidi nirudishe prosesa ya zamani, nisasishe, ndipo niipachike mpya. Kwa upande wa i3 tulianza kutoka sifuri, na hapo kuna mtego: soketi yake ya LGA1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na RAM ya huku haiingii kule. Soma jina la bodi mara mbili.

Njia ya kupanda ipo kote kote. LGA1700 inapokea hadi prosesa za Intel za kizazi cha 14, na AM4 inakwenda mpaka Ryzen 7 5800X3D yenye kache ya megabaiti 96, japokuwa kampuni zote mbili zimeshahamia soketi nyingine.

Kwa hiyo, anayecheza gemu kwa kadi ndogo na kujenga upya, nampa i3-12100F bila kusita. Mwenye bodi ya AM4 na kazi za kutoa video au kukusanya (compile) programu anazoziandika, achukue Ryzen. Lakini kabla hajalipa, aulize Ryzen 5 5600 inauzwaje: ina viini 6 vile vile, kache ya megabaiti 32 na PCIe 4.0. Ikiwa nyongeza ni ndogo, 5500 aiache hapo hapo ilipo. Mimi sikuuliza.