Glavu za chumba kimoja: nilizicheka, sasa sizivui

Siku ya kwanza nilizicheka. Vidole vinne vinalala chumba kimoja, dole gumba limepewa chake, nami nikajiona bondia aliyepotea njia mlimani. Miaka yote nilikuwa mtu wa glavu za vidole vitano, nene, za kubana, nikiamini unene ndio joto. Kumbe kilichoniponza ni kule kubana. Mwili ukishikwa na baridi hufinya mishipa ya mikononi ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Ukiongeza glavu ya kubana, hata ile damu kidogo iliyosalia unaiwekea kizuizi.

Hizi nimezivaa safari nne, ya mwisho ikiwa alfajiri ya nyuzi 8 chini ya sifuri, upepo ukipiga ubavuni. Nje kuna ganda lisilopitisha upepo, lenye ngozi kiganjani. Ndani kuna bitana ya sufu inayochomolewa. Chini yake navaa glavu nyembamba za merino, sufu laini ya kondoo. Kamba za kiatu zikilegea, navua glavu kubwa, inabaki ikining'inia kwenye kitanzi cha mkononi, nafunga, narudi ndani kabla vidole havijafa ganzi. Humo vinapashana joto kama watoto wanne kwenye blanketi moja.

Hiyo bitana ya kuchomoka ndiyo iliyonifanya nizipende. Kupanda kunatoa jasho, na mkono uliolowa hupoa upesi mno. Kwenye mwinuko nabaki na zile nyembamba tu. Nikisimama kupumzika, kabla hata sijafungua chupa ya maji, navaa kubwa. Usiku bitana naingia nayo kwenye mfuko wa kulalia, na asubuhi imekauka.

Kasoro zipo. Zipu ya koti haishikiki kabisa, mpaka nimeifunga kipande cha kamba. Fimbo ya kutembelea inashikika, ila ukiikamata kwa nguvu sufu inagandamizwa na ubaridi wa mpini unapenya. Bitana ikipata unyevu hutoka pamoja na mkono, basi unabaki pale kwenye upepo unaigeuza kama soksi.

Halafu kuna kile kijifuko cha kutilia vipakiti vya kupashia mikono. Aliyekibuni sijui aliwahi kutumia kipakiti chenyewe! Ndani yake mna unga wa chuma unaopata moto ukikutana na hewa, naye kakishona kijifuko hewa isipite. Kipakiti changu kilipoa kabla ya kilele. Nilipokitoa na kukitikisa, kikafufuka.

Ukizinunua, chukua saizi moja zaidi ya yako. Mimi nilichukua yangu ileile, na nikivaa zile nyembamba ndani, dole gumba la kulia linagota kwenye ncha. Alfajiri ile vidole tisa vilikuwa na amani. Hilo moja lilinilalamikia mpaka tunashuka.