Kijana wa dukani aliiita Hilux yangu skrepa, sasa ngojeni niwaambie kuhusu ile oili yake

Jambo lenyewe lina miezi kadhaa sasa, mvua za vuli zilikuwa ndo zinanyemelea au zilishaanza, sikumbuki, ila hasira bado ninayo kama ya jana ndo mana naandika. Wenye pikapu za zamani mnisikilize, wenye magari mapya mnaweza mkapita tu.

Gari yangu ni Hilux ile ya zamani, injini inayoitwa 3L, dizeli kavu isiyo na turbo. Ina kilomita ngapi? Hakuna ajuaye. Saa ya kilomita ilisimama kwenye laki tatu na themanini na kitu, na ilisimama siku nyingi, kwahiyo mi nahesabu safari kwa daftari. Nabeba dagaa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza napeleka Geita, kwenda na kurudi haipungui kilomita 200, nikirudi nachora mstari, basi. Na tangu nainunua kwa mjomba inakunywa oili namba 40, ile nzito, wala hatujawahi kugombana. Inakula kidogo ndio, mzee wa laki nne unategemea asile? Nusu lita hapa nusu lita pale, naongeza maisha yanaenda.

Sasa siku hiyo fundi wangu wa Igogo alikuwa amesafiri, ana msiba Magu, na mi nina mzigo kesho yake na oili najua imeshachoka. Nikasema isiwe tabu, nikaenda kwenye duka moja la spea upande wa Nyakato, jina nalihifadhi, duka zuri lina vigae mpaka nje. Nikamkuta kijana yuko na simu. Nikamwambia naomba galoni la namba 40 na filta ya 3L. Hakuinua hata kichwa. Akasema mzee hiyo oili ni ya matrekta, watu wameshaacha. Ndo akachungulia nje akaiona gari, akacheka, tena kile kicheko cha puani, akasema "aah kumbe ni hiyo skrepa."

Kulikuwa na wateja kama watano mle ndani na mmoja ni mama ananijua kutoka Mwaloni. Wote wakageuka kuitazama gari. Yaani mtu mzima na ndevu zangu nimesimama pale kama nimeshikwa na kuku wa jirani. Na hapo ndo nilipofanya kosa mana kijana aliona nimeaibika akaweka galoni mezani, 5W-30, akasema hii ndo oili ya kisasa, ukiiwekea hii hata hiyo skrepa inafufuka, kilomita elfu 10 hugusi boneti. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile niliyoiendea. Nikalipa. Sikulipa kwasababu nimeelewa chochote, nililipa ili yule mama asidhani nimeshindwa.

Wakamwaga oili palepale kibarazani, kuna dogo alilala chini akafanya kazi fasta, nisimseme vibaya yule dogo. Lakini nilipogeuka kutafuta oili yangu chafu nikaambiwa imeshapelekwa nyuma. Imepelekwa nyuma na nani? Kwani nimeiuza? Oili chafu ni mali, mi napaka mbao za bodi na miimo ya milango nyumbani mchwa hawasogei, kila mtu huku anajua. Nikauliza, kijana akasema "mzee unang'ang'ania uchafu?" Nikanyamaza. Hilo nitalirudia.

Niwe mkweli, mana sitaki mtu aseme nimeandika kwa chuki tu: wiki ya kwanza nilifurahi. Asubuhi gari inawaka mara moja, ile kelele ya mwanzo ya kaka-kaka-kaka ikapungua, na kupanda kile kilima cha nyumbani kwenye mawe nikaona kama imekuwa nyepesi. Nikawaambia wenzangu pale Mwaloni jamani kumbe tulikuwa tunajitesa na oili za matrekta. Wawili waliniuliza duka lilipo nikawaelekeza. Hao ndo mpaka leo nawaonea aibu.

Safari iliyoniumbua ilikuwa ya Geita, mzigo umejaa, jua kali la mchana. Mpaka Usagara hakuna shida, Kigongo pale nikapanda daraja nikavuka zangu, zamani ningekuwa kwenye foleni ya kivuko injini inapumzika, siku hizi unapita moja kwa moja hakuna kupumzika, sijui kama hilo nalo lilichangia, ngoja nisizushe. Nimeshavuka Busisi, nakaribia Sengerema, nikafika kwenye matuta nikapunguza mwendo, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Nikakanyaga mafuta ikazima. Tuta la pili ikapepesa tena, safari hii ikakaa. Kwenye mteremko ikikimbia iko kimya, ukipunguza tu inakukonyeza. Aliyewahi kuiona taa hiyo ana tani mbili za dagaa za watu mgongoni anajua moyo unavyodunda. (Tani mbili nimetia chumvi, ila mzigo ulikuwa mzigo.)

Nikasimama pembeni, nikazima, nikasubiri ishuke, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imegusa ncha ya chini tu, na haikumaliza wiki tatu! Nikainama chini ya gari, pale injini inapokutana na gia boksi kumelowa chapachapa, inadondoka tone tone. Namba 40 ilikuwa inalowanisha tu, haijawahi kudondoka hivyo. Nikanunua lita mbili za namba 40 kituo cha mafuta nikachanganya hivyohivyo, najua si vizuri ila ungefanyaje, dagaa wana mwenyewe. Taa ikapungua ukali. Nikaenda Geita na kurudi kwa mwendo wa harusi.

Kesho yake asubuhi dukani. Nikamkuta yuleyule, simu ileile. Nikamweleza kwa upole kabisa, akanijibu neno moja tu, "ringi," yaani zile pete za pistoni zimechoka. Nikamwambia ringi zikichoka moshi unakuwa wa bluu na yangu haitoi moshi wa bluu, njoo uone oili inavuja kwa nyuma. Hakutoka. Akasema, na hapa nanukuu bila kuongeza, "mzee kwani hujui kusoma? Galoni limeandikwa, we ndo ulichagua." Mimi ndo nilichagua!

Basi nikalichukua galoni tupu nikaenda nalo nyumbani tukalisoma na binti yangu, mana kweli yale maandishi ya nyuma ni madogo kama mayai ya chawa. Na nyie msome ya kwenu. Kuna herufi API halafu zinafuata herufi mbili. Zikianza na S ni za injini ya petroli, zikianza na C, kama CF-4 au CI-4, ndo za dizeli, na nyingine zinaandikwa zote mbili. Langu lilikuwa na S peke yake. Dizeli hizi za zamani zinatoa masizi mengi sana, ndo mana oili inakuwa nyeusi siku mbili tu baada ya kumwaga, na weusi huo peke yake si ubaya, ina maana oili inayabeba masizi yasigande ndani. Sasa oili ya dizeli imewekewa dawa ya kubeba mzigo huo, ya petroli haikuandaliwa kwa kazi hiyo. Kwahiyo anayeuza oili kwenye duka la vigae hajui S na C, halafu mimi ndo sijui kusoma.

Hapo nilikuwa nimeshaamua nyota sifuri, oili mbaya, duka baya, na ningeandika siku hiyohiyo mngesoma matusi. Ila fundi wangu akarudi kutoka msibani.

Huyu ni mzee, haongei sana. Akaingia chini, akatoka, akafungua boneti akachomoa kile kipaipu cha kupumulia injini, kinachotoka kwenye kava la juu. Akakipuliza. Hakipitishi. Akakichokonoa na waya kukatoka tope jeusi zito kama ugali wa udaga ulioungua. Akaniangalia. "Ng'wanawane, hii haijaziba mwezi huu." Injini iliyochoka inavujisha moshi kidogo kupita kwenye ringi kuingia chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na upepo huo lazima utoke mahali, paipu ikiziba unasukuma oili itoke kwenye sili, zile pete za kuzuia oili isivuje. Sili ya nyuma ilikuwa imeshakauka zamani, oili nzito na uchafu ndo vilikuwa vimeiziba kama udongo kwenye ufa wa ukuta. Ikaja oili nyepesi, tena hizi za sinthetiki zinasafisha, ikaondoa ule udongo ikakuta ufa. Yaani oili haikutoboa kitu.

Halafu akaniomba daftari. Akahesabu mistari. Toka nimwage mara ya mwisho kabla ya duka lile nilikuwa nimechora mistari 41. Fanya hesabu mwenyewe, hizo ni zaidi ya kilomita elfu 8 kwenye oili ambayo yeye kila siku ananiambia nisizidishe elfu 3, nikijikaza sana elfu 5. Alinisema palepale mbele ya vijana wake, lakini unajua kusemwa na mzee anayekupenda si sawa na kusemwa na mtoto mwenye simu.

Kwahiyo oili ile ni mbaya? Hapana. Jirani yangu ana gari ndogo ya petroli ya juzijuzi anaitumia hiyohiyo anafurahi. Ni mbaya kwa gari yangu, hilo nasimamia. Fundi alinieleza hivi: namba ya mbele yenye W ni ya oili ikiwa baridi, ya nyuma ni ikiwa imechemka. Hiyo 5W wamewafikiria watu wa nchi za barafu, Mwanza hata ile asubuhi ya mwezi wa saba ukivaa koti, injini haijui kama kuna baridi. Sisi shida yetu ni namba ya nyuma. Beringi zikishaliwa nafasi inakuwa pana, oili ya 30 ikichemka inapita kama maji presha inashuka, ndo taa inakukonyeza kwenye matuta. Akaniwekea 20W-50 ya dizeli, yenye C. Na hata namba 40 yangu aliikosoa, akasema asubuhi inachelewa kupanda juu, ile kaka-kaka niliyoizoea haikuwa salamu. Hapo kijana wa duka alikuwa na ukweli kidogo, na inaniuma kuliandika hili.

Sili bado hatujabadilisha mana lazima kushusha gia boksi, fundi amesema tuivumilie. Paipu inapumua, matone yamebaki mawili matatu kwa usiku, naweka boksi chini asubuhi nayahesabu. Taa haijawaka tena, hata kwenye matuta ya Sengerema. Natembea na kidumu cha lita moja nyuma ya siti.

Nilishaanza kuwaza niwape hata nyota mbili, kwa yule dogo aliyemwaga oili bila kumwaga chini. Ila juzi nimepita Nyakato nikaona wamejenga kibanda kipya pembeni ya duka, cha kufanyia service. Kizuri, mabati mapya. Na nguzo zake zote za mbao zimepakwa oili chafu, nyeusi tii, mpaka juu.