Waneandathali: waliondolewa na baridi au na ujio wetu?

Mabaki ya Waneandathali, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, yanakoma Ulaya miaka kama 40,000 iliyopita. Maelezo mawili ndiyo yanayoshindaniwa zaidi.

La kwanza ni hali ya hewa. Joto na baridi kali vilipokezana upesi, misitu ikageuka nyika, wanyama wa kuwindwa wakahama. Lakini jamii hii ilikwisha kuvuka enzi za barafu zilizokuwa kali vilevile. Kwa nini ishindwe safari hii?

La pili ni kuwasili kwa binadamu wa kisasa kutoka Afrika, na hapa ushahidi ni mwingi zaidi. Katika pango la Bacho Kiro, Bulgaria, walikuwapo miaka kama 45,000 iliyopita, hivyo pande mbili ziliishi sambamba kwa maelfu ya miaka. Haihitajiki vita kueleza mwisho wa Waneandathali. DNA ya Waneandathali ina tofauti chache sana, dalili ya vikundi vidogo vilivyotengana. Wazazi wa mwanamke mmoja Mneandathali wa pango la Denisova, Siberia, walikuwa na undugu wa karibu kama wa ndugu wanaochangia mzazi mmoja tu. Kundi la watu wachache likikosa mawindo mazuri kwa kushindana na wageni na watoto wakapungua kidogo tu kila kizazi, hufifia lenyewe.

Kwa hiyo maelezo ya pili yana uzito zaidi, na baridi iliongeza shida tu. Tena hawakuisha kabisa: binadamu wa kisasa aliyefukuliwa katika pango la Oase, Romania, alikuwa na mhenga Mneandathali vizazi 4 hadi 6 tu kabla yake.