"Dada hilo hata ukiweka petroli halivuji" – haya, njoo ulione zulia

Nimejikaza siku kadhaa ndo naandika, maana ningeandika siku ile ile ningetukana. Mi na mwanangu wa fomu tuu tulikuwa tunatengeneza ile safu ya tope ya Winogradsky, yule Mrusi mwanasayansi wa bakteria wa miaka ya 1880, yaani unachukua tope, letu tulichota kwenye mikoko Kunduchi, unachanganya na gazeti lililochanwachanwa na kiini cha yai, unamwagia maji ya hukohuko, unaweka dirishani unasubiri bakteria waote kwa tabaka za rangi. Unachohitaji ni kopo refu la plastiki linaloonyesha ndani, BASI. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, 15,000 hapo hela ya boda bado, nikamuuliza mara mbili kaka halivuji? Jibu lake mmeliona hapo juu.

Wiki ya tatu hivi naamka nyumba inanuka yai viza. Harufu nilikuwa naitegemea, bakteria wa chini kule kusiko na hewa ndo gesi yao hiyo, lakini si kwa kiasi kile! Kumbe gundi ya kitako imeachia, maji meusi tii yanachuruzika mpaka kwenye zulia alilotupatia mama mkwe. Nampigia muuzaji, anacheka. Anacheka jamani! "Sasa dada, kopo la visheti we unaweka matope, ulitaka lifanyeje?" Af akanibloku.

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa boda.

Nilitaka kutupa, mwanangu akagoma, tukaziba na silikoni ya mafundi wa aluminiamu tukalihamishia dirisha la stoo. Sasa sijui nisemeje. Pale palipoachia hewa iliingia, ule weusi ambao ni chuma kilichoshikana na salfa ukageuka kutu, kuna kiduara cha rangi ya chungwa kimezungukwa na tope jeusi, utadhani mtu kachora. Na upande wa mwanga, chini ya ule ukijani wa juu, yametokea madoa ya zambarau, hao ni bakteria wanaokula hiyohiyo gesi ya uvundo kwa msaada wa jua. Kopo zima lisingenipa kile kiduara, ndo kinachoniudhi.

Nyota mbili basi. Tatu akilipa zulia. Na jirani nimeshamwomba aniagizie jingine kwa namba yake.