Mpango wa Utume wa Parokia: Tathmini ya Huduma ya Uwezeshaji Baada ya Miezi 18

Baraza letu la parokia liliamua kualika timu ya wawezeshaji kutoka nje baada ya vikao vitatu mfululizo vya kujadili neno "ukuaji" bila kukubaliana maana yake. Kwa mmoja wetu ukuaji ulikuwa viti kujaa, kwa mwingine sadaka itakayotosha kumaliza paa la ukumbi, na kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili ulikuwa watoto wanaoendelea kuonekana kanisani baada ya kipaimara. Nilikuwa katibu wa kamati iliyosimamia kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Naandika tathmini hii kwa makasisi, wazee wa kanisa na wajumbe wa mabaraza ya parokia za Kianglikana wanaofikiria kupita njia hiyohiyo, ili wajue mapema yaliyotufaa na yaliyotugharimu muda.

Huduma yenyewe inafuata utaratibu wa mpango kazi wa utume, ulioanza katika Dayosisi ya London mwanzoni mwa miaka ya 1990 na baadaye ukachukuliwa na dayosisi nyingine nyingi. Mzunguko wake ni mwepesi kueleza: parokia inaomba, inajitazama ilivyo, inachagua mambo machache, inayatenda, kisha inarudi kuyapima na kuanza upya. Tulipewa mwongozo wa mwezeshaji, karatasi za kazi za vikundi, siku tatu za mafunzo na ziara mbili za ufuatiliaji. Mwongozo unasomeka vizuri. Karatasi za vikundi hazikutosha, tukalazimika kuzinakili kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya pili.

Sehemu iliyonishinda kuisahau ni ile ya rejista ya ibada. Kila kanisa la Kianglikana lina kitabu hicho: tarehe, aina ya ibada, aliyeongoza, aliyehubiri, waliohudhuria, waliopokea Ushirika Mtakatifu, sadaka. Kwetu kiliandikwa kila Jumapili na kufungiwa kabatini, wala hakuna aliyewahi kukisoma kurudi nyuma. Mwezeshaji alituomba tukilete mezani pamoja na rejista ya ubatizo na ya kipaimara, akatutenga wawili wawili, mmoja akisoma tarakimu kwa sauti na mwingine akiandika. Kwa muda wa karibu saa nzima hakikusikika chumbani kitu kingine ila tarakimu.

Baraza letu lilikuwa na desturi ya kupeleka dayosisini hesabu ya watu waliofika ibadani Pasaka, na chanzo cha kuipa uzito hesabu hiyo ni cha zamani, kwani Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinaagiza kila muumini wa parokia apokee Ushirika Mtakatifu angalau mara tatu kwa mwaka, mojawapo ikiwa Pasaka. Mwezeshaji hakuidharau Pasaka, lakini alikataa isimame peke yake. Alitueleza kwamba Kanisa la Uingereza huhesabu mahudhurio ya majuma manne ya Oktoba, wakati ambapo hakuna sikukuu kubwa inayovuta umati, akatutaka tutafute majuma manne ya kawaida katika kila mmoja wa miaka kumi iliyopita. Tulipoyapanga hayo kwenye mstari mmoja, tuliona kwamba umati wa Pasaka haukuwa umebadilika hata kidogo, ilhali Jumapili za kawaida zilikuwa zimepungua mwaka baada ya mwaka. Tulipolinganisha rejista mbili zile nyingine tukakuta kwamba watoto tuliowabatiza walikuwa wengi, waliofika mbele ya askofu kwa kipaimara walikuwa wachache, na kati ya hao wachache majina yaliyoendelea kuonekana popote katika kumbukumbu zetu yalihesabika kwa vidole. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alikuwa amelisema jambo hilo kwa miaka mingi. Siku hiyo mzee wa kanisa aliyezoea kumpinga alimsogezea daftari, akamwambia, "Mwalimu, tusamehe, ulikuwa unaona."

Kwa kazi hiyo peke yake ningeipa huduma hii alama za juu, na napendekeza hata parokia isiyo na uwezo wa kualika mwezeshaji ifanye zoezi hilo kwa nguvu zake. Linahitaji meza, rejista tatu na watu wanaokubali kuusikia ukweli.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchagua, na hapo wawezeshaji walitumia Alama Tano za Utume ambazo Ushirika wa Kianglikana duniani unazifuata. Nne za kwanza zilitolewa na Baraza la Ushauri la Anglikana, chombo cha wawakilishi wa makanisa ya Ushirika huo, lilipokutana Badagry, Nigeria, mwaka 1984: kutangaza Habari Njema ya Ufalme, kufundisha, kubatiza na kulea waamini wapya, kuitikia mahitaji ya watu kwa huduma ya upendo, na kutafuta kuibadilisha miundo ya jamii isiyo ya haki. Ya tano, inayohusu kuutunza uumbaji, iliongezwa katika mkutano wa Cardiff mwaka 1990, na ile ya nne ilipanuliwa mwaka 2012 ili itaje pia kupinga ukatili na kufuatia amani na upatanisho. Tulitakiwa kuandika chini ya kila alama kitu ambacho parokia yetu ilikuwa imekifanya katika miezi kumi na miwili. Chini ya alama ya kwanza tulijaza ukurasa. Chini ya ya nne tulikaa kimya, kisha mjumbe mmoja wa Umoja wa Akina Mama akaeleza jinsi wenzake walivyomsindikiza mjane mahakamani kudai haki yake ya nyumba, jambo ambalo baraza halikuwahi kuliandika popote kwa sababu halikuonekana kuwa kazi ya kanisa. Namna hii ya kuuliza ni bora kuliko orodha za mapungufu nilizowahi kuziona katika mafunzo mengine, kwa kuwa inaanzia kwenye kilichopo.

Sasa nifike kwenye kasoro, na kubwa kuliko zote ni namna huduma hii inavyoitazama jamii inayolizunguka kanisa. Mwongozo una sura nzima ya kuijua jamii, na sura hiyo inafundisha kuchora ramani ya mipaka ya parokia, kutia alama penye shule, zahanati na vituo vya usafiri, na kukisia umri na kazi za wakazi. Yote hayo yalifanyika ndani ya ukumbi, sisi kwa sisi, na mwisho wake tukaibuka na pendekezo la mkutano wa injili wa siku tatu wenye vipaza sauti, pendekezo ambalo tungeweza kulitoa bila ramani yoyote. Katika mfumo wa Kianglikana kasisi hukabidhiwa malezi ya roho za wote wakaao ndani ya mipaka ya parokia, si za wale tu walioandikwa katika daftari la waumini. Ni ajabu basi kwamba mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya kanisa la namna hiyo unawageuza wakazi kuwa kitu cha kuchunguzwa wakati wao wenyewe wako umbali wa hatua chache, tayari kuulizwa.

Kamati yetu iliamua kuongeza hatua ambayo haikuwamo. Tuligawana barabara, tukaenda wawili wawili kwa majuma matatu, bila vipeperushi na bila kumwalika mtu ibadani, tukiwa na swali moja tu: je, kanisa hili likiwa jirani mwema, lingefanya nini? Mama mmoja anayeishi ng'ambo ya lango letu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaonyesha ukumbi kwa mkono. "Watoto wangu husomea ngazini jioni kwa sababu chumba ni kimoja," alisema. "Ninyi mna meza, mna taa, na kufuli langoni." Mwenzangu alitaka kumweleza habari za usalama wa vifaa, lakini hakumaliza sentensi yake. Usiku ule tulipiga hesabu, tukakuta kwamba lango la kanisa letu lilikuwa wazi kwa saa 7 kati ya saa 168 za juma.

Hilo la ukumbi ndilo lililoshika nafasi ya kwanza katika mpango wetu. Ukumbi sasa hufunguliwa jioni nne kwa juma, na walimu wawili wastaafu, mmoja wao si muumini wa kanisa letu, hukaa na wanafunzi. Katika ziara ya kwanza ya ufuatiliaji mwezeshaji alitazama mpango huo akauliza ni wangapi kati ya wanafunzi hao wameanza kuja ibadani. Najua aliuliza kwa nia njema, na fomu yake ilikuwa na kisanduku cha jibu hilo, lakini swali lile lilituumiza. Alama ya tatu ya utume inazungumzia kuitikia mahitaji ya watu kwa upendo, na haikuongezewa sharti. Huduma kwa jamii ikifanywa chambo, wanaohudumiwa hulitambua hilo upesi kuliko wanaohudumu, na mtoto anayekuja kusoma hesabu hapaswi kukaa kwenye kiti kile akihisi kwamba anadaiwa. Watunzi wa fomu hizo wangefanya vyema kutenganisha kabisa vipimo vya ukuaji wa waamini na vipimo vya huduma. Tuliwaandikia hivyo, wakajibu kwa heshima kwamba watalizingatia.

Kasoro ya pili ni nzito pia, ingawa maelezo yake ni mafupi. Parokia inapofungua milango kwa watoto wa jirani inachukua jukumu la kuwalinda, na mwongozo tuliopewa umelipa suala hilo nusu ukurasa karibu na mwisho. Ushirika wa Kianglikana una Tume ya Kanisa Salama, na miongozo yake ilipitishwa na Baraza la Ushauri lilipokutana Hong Kong mwaka 2019, kwa hiyo hakuna sababu ya kuliacha jambo hili pembeni. Sisi tulisimamisha ufunguzi wa ukumbi kwa mwezi mzima hadi tulipokuwa na majina ya wasimamizi waliothibitishwa, kanuni ya kutomwacha mtu mzima peke yake na mtoto, na mtu anayejulikana wa kupelekewa malalamiko. Mwezi huo ungekuwa umeshatumika vizuri kama mafunzo yangelianza nalo.

Kuhusu idadi ya malengo, wawezeshaji walikuwa imara na walikuwa sahihi. Tulileta malengo kumi na manne, wakatuambia tuchague matatu, kila moja likiwa na mtu mwenye jina, tarehe na kitu kinachoweza kuonekana kikiwa kimefanyika. Wajumbe wawili walikasirika kwa kuwa mambo waliyoyapigania yaliachwa, na mmoja wao hakuhudhuria tena hadi mwaka ulipokwisha. Hata hivyo malengo matatu yalitekelezwa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu mpango wetu uliopita, uliokuwa na kurasa nyingi na jalada zuri. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988, unaokutanisha maaskofu wa Kianglikana duniani, ulitangaza miaka ya mwisho ya karne ya ishirini kuwa Muongo wa Uinjilisti, na kwa maoni yangu mwito mkubwa wa namna ile huishia katika barua za maaskofu usipofika kwenye parokia ukiwa na jina la mtu na siku ya kalenda. Vivyo hivyo kwa kozi. Kuna waliotushauri tununue kozi moja tu na kuacha mipango yote. Kozi ya Alpha, kwa mfano, iliyoanzia katika parokia ya Holy Trinity Brompton, London, mwaka 1977, imewafaa wengi na sisi tuliitumia kulea wanaouliza maswali ya imani, lakini haiwezi kukuambia kwa nini vijana wako waliondoka wala jirani yako anahitaji nini.

Jambo la mwisho ni la uhamisho, na hapa naandika kwa msisitizo kwa sababu limeigusa kila parokia ninayoifahamu. Katika mwezi wa kumi na moja wa mpango kasisi wetu alihamishwa na askofu, kama ilivyo kawaida, na kwa miezi mitatu hatukuwa na kasisi mkazi. Mwongozo mzima umeandikwa kana kwamba kasisi aliyeanzisha mpango ndiye atakayeumaliza: ndiye anayeitisha vikao, ndiye anayeandika taarifa, ndiye anayepokea simu ya mwezeshaji. Ziara ya pili ya ufuatiliaji ilikaribia kufutwa kwa kuwa barua ilitumwa kwake alikohamia. Kilichouokoa mpango ni kwamba malengo yote matatu yalikuwa mikononi mwa walei, na kwamba funguo za ukumbi zilikuwa kwa watu wanne wanaoishi karibu. Kasisi mpya alipofika alikuta kazi inaendelea, akaomba asomewe mpango wote katika kikao chake cha kwanza, akauliza maswali, akabadilisha tarehe moja ili isigongane na Kwaresima.

Kwa parokia yenye baraza linalokutana na rejista zinazoandikwa, naipendekeza huduma hii, kwa sharti kwamba hatua ya kuwasikiliza majirani iongezwe kabla ya kuchagua malengo na suala la ulinzi wa watoto lihamishiwe siku ya kwanza. Parokia ambayo iko katika mgogoro wa ndani isubiri, maana siku tatu za mafunzo hazitoshi kupatanisha watu, na wawezeshaji wenyewe walikiri hivyo tulipowauliza. Mwongozo hauna ukurasa wowote wa makabidhiano kati ya kasisi anayeondoka na anayeingia. Sisi tuliandika wetu, una kurasa mbili, umetiwa saini na wazee wa kanisa wote, na umebandikwa mwanzoni mwa daftari la baraza, juu kidogo ya orodha ya wenye funguo.