Mtego gani wa panya ununue: kuanzia wa kubana hadi gundi

Ukiingia dukani ukasema una panya, mara nyingi utaulizwa swali moja tu: sumu au gundi? Ndizo zinazowekwa juu ya kaunta. Kwenye orodha yangu hizo mbili ziko mwishoni kabisa, na ningependa ujue sababu kabla hujatoa hela.

Nina stoo ya nafaka Morogoro: mahindi, mchele, maharage. Nimeshatumia karibu kila kitu kinachouzwa kwa ajili ya panya, na paka wangu alikufa kwa kula panya aliyekuwa ameshakula sumu ya nyumba ya jirani. Wahenga wanasema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Tangu siku ile huo ndio mzani wangu. Mtego mzuri unamuua panya haraka, na unawaacha salama paka, kuku na mtoto anayetambaa.

Kwanza mjue panya wako, kwa kuwa ukubwa wa mtego unategemea hilo. Angalia kinyesi. Kikiwa kama punje ya mchele, una kipanya, yule anayeweza kupenya tundu la kuingia penseli. Kikikaribia sentimita 2 na kina ncha butu, una panya mkubwa wa mitaroni. Katikati ya hao yuko panya wa darini, mwembamba, mkia mrefu kuliko mwili, anayepanda ukuta na kutembea juu ya nyaya. Ukiwa na shamba au kihenge, yupo pia panya wa shamba, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamemfuatilia kwa miongo kadhaa hapahapa Morogoro. Jike wake hubeba mimba kama siku 23 na anaweza kuzaa zaidi ya watoto 10 kwa mkupuo mmoja. Kwa uzazi huo, mtego mmoja uliowekwa kona moja hauna utakachobadilisha.

Namba 1: mtego wa kubana

Huu wa springi, wa kibao au wa plastiki, ndio ninaompa mtu akiniomba ushauri. Ukifyatuka vizuri panya anakufa papo hapo, unamwona, unamtoa, unautega tena usiku uleule. Hauhitaji umeme wala dawa.

Kosa kubwa la wanunuzi ni saizi. Ule mdogo wa urefu wa sentimita 10 ni wa vipanya. Panya mkubwa akibanwa na huo anajinasua na jeraha, na hatausogelea tena mtego wa aina hiyo. Kwa panya wa darini na wa mitaroni tafuta wenye urefu wa sentimita 17 au 18 na upana wa kama 8.

Usinunue bila kuujaribu. Utege palepale kaunta, weka chini, gusa kibati cha chambo kwa ncha ya penseli. Ukifyatuka kwa mguso mwepesi na kuacha alama kwenye mbao ya penseli, unafaa. Ukilazimika kusukuma, rudisha. Tazama pia pini zinazoshika springi kwenye kibao, maana kwenye mitego hafifu hung'oka baada ya kufyatuka mara chache. Kwa watu wa Tanga, Dar na Zanzibar, hewa ya chumvi inakula chuma upesi, hivyo wa plastiki wenye springi nene utawafaa kuliko wa bati tupu. Nauchagua wa plastiki kwa sababu nyingine pia: unaoshwa, na unategwa kwa kukanyagwa au kuminywa mkono mmoja bila kuhatarisha vidole.

Nunua 6 kwa pamoja, sio 1. Panya anaogopa kitu kigeni. Kwa siku kadhaa atauzunguka mtego bila kuugusa. Kwa hiyo usiku 3 za kwanza weka mitego na chambo bila kuitega. Ale, azoee. Usiku wa nne itege yote. Niliwahi kukaa stoo na tochi nikaona jinsi anavyotembea: ubavu mmoja unagusa ukuta, sharubu zinapapasa, haingii katikati ya chumba kamwe. Ndiyo maana mtego unakaa kwa kukingama, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe kidogo, ukubwa wa punje ya harage: karanga ya kusaga, kipande cha dagaa, au nazi iliyochomwa ikanukia. Kifunge kwa uzi, la sivyo atakidokoa aondoke zake.

Penye watoto na kuku, ingiza mtego ndani ya boksi la mbao lenye tundu la kupita panya tu.

Namba 2: mtego wa waya, wa sanduku

Unamkamata mzima, na ndio salama zaidi kwa nyumba yenye mifugo na watoto, kwani paka akiingia unamfungulia. Kwa hao tu ningeuweka namba 1. Kabla ya kununua ufunge mlango, uupindue juu chini, uutikise. Mlango ukiachia, panya naye atatoroka. Tundu za waya zisipitishe penseli. Unakuachia kazi moja, ya kumuua panya kwa mkono wako bila kumtesa. Usiende kumwachia uwanja wa mwenzio.

Namba 3: ndoo

Hii ni ya shamba na ghala. Ndoo au debe lililofukiwa hadi mdomoni, maji nusu, na juu ya mdomo waya uliopitishwa kwenye kopo lililopakwa karanga ya kusaga. Panya anakanyaga kopo, linazunguka, anaanguka. Huwanasa wengi kwa usiku mmoja. Usiiweke kabisa penye mtoto mdogo.

Namba 4: sumu

Siikatai moja kwa moja, maana kwenye ghala lililovamiwa huenda mitego isitoshe. Ila jua unachonunua. Ile ya unga mweusi kijivu mara nyingi ni zinki fosfaidi. Ikifika tumboni hutoa gesi, na haina dawa ya kuibatilisha. Vitofali vyenye bromadioloni au brodifakumu huzuia damu kuganda, panya anakufa baada ya siku kadhaa, pengine ndani ya dari, na paka au bundi atakayemla anaumia pia. Vina dawa yake hospitalini, vitamini K1, na hilo pekee linanifanya nivichague kuliko unga.

Usinunue sumu ya kufungiwa kwenye karatasi isiyo na jina. Pakiti itaje kiambato na iwe na namba ya usajili. Kwa Tanzania msimamizi ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Iweke ndani ya boksi linalofungwa. Mtu akiimeza, kimbilieni hospitali na pakiti mkononi.

Mwisho: gundi

Panya hukaa hai juu yake kwa saa nyingi, akilia na kujikojolea. Inanasa mijusi, vifaranga na ndege. England imewazuia watu wa kawaida kuitumia kuanzia 31 Julai 2024, na naunga mkono. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinavyodaiwa kufukuza panya kwa sauti navyo viache. Sauti hiyo haipiti ukutani na panya huizoea.

Pamoja na mitego nunua glovu za mpira na Jik. Mwaka 2022 kule Lindi ilizuka homa ya mgunda, na mkojo wa panya ni moja ya njia zinazoeneza ugonjwa huo. Mnyunyizie panya aliyekufa Jik iliyochanganywa na maji, subiri dakika chache, mtie kwenye mifuko miwili, mfukie. Usifagie kinyesi kikavu, kiloweshe kwanza.

Hela ikibaki, ongeza stilwaya ya kusugulia masufuria na saruji kidogo. Sindilia stilwaya kwenye kila tundu la penseli ulilolikuta, piga saruji juu yake, kisha usiku huo tega.